Tageti Ni ya Nani?

Huku Soweto East, vijana wakikutana jioni hawaulizani tu umepata kazi wapi. Wanaulizana: tageti yako ni ngapi? Dere ana tageti. Konda ana tageti. Dada anayeuza bima kwa simu ana tageti. Jamaa anayeshinda mbele ya kompyuta akiweka alama kwenye picha, ili mashine za watu wa mbali zijifunze kutofautisha mti na mtu, naye ana tageti yake ya kila saa. Wengi wetu tunaotoka hapa asubuhi, wengine kwa matatu, wengine kwa miguu hadi Industrial Area, tunaishi chini ya namba iliyoandikwa na mtu mwingine.

Swali langu ni hili: namba hiyo ikimfanya mtu adanganye, au ahatarishe maisha ya mwenzake, kosa ni la nani? La aliyetenda, ama la aliyeiweka namba?

Jibu la haraka tunalijua sote: kila mtu na mzigo wake. Nimelelewa na jibu hilo na silidharau. Lakini kabla hatujalikubali, tuangalie kwanza mchezo wenyewe unavyochezwa.

Chukua matatu yoyote, iwe 46 ya Kawangware ama nyingine. Mwenye gari yuko nyumbani kwake. Haoni abiria wangapi wamepanda, haoni jam, haoni kitu kidogo kilichoachwa kwa askari njiani. Kwa hivyo anataja kiasi kimoja tu: jioni niletee hiki, kitakachobaki baada ya mafuta ni chenu. Dar es Salaam, kwenye daladala, mpango kama huu unaitwa hesabu. Na ni mpango wenye akili. Mwenye gari haulizi maswali ambayo hawezi kuthibitisha majibu yake, naye dere ana sababu ya kuamka saa kumi alfajiri.

Sasa tuseme tageti ni 5,000, na jioni imeingia gari likiwa na 4,000 kwa sababu ya mvua na jam. Dere akiendesha kwa utaratibu, hasara ni yake na konda wake peke yao. Akipanda juu ya njia ya wapita kwa miguu, ama akiwashusha abiria katikati ya safari ili ageuze, pengine ataifikia namba. Springi zikivunjika, fundi atalipwa na mwenye gari. Akigonga mtu, wa kwanza kuumia ni huyo mtu. Faida inaonekana usiku huu huu, mfukoni mwake. Hasara imesambazwa kwa wengine.

Wanahisabati wana somo linaloitwa nadharia ya michezo. Halihusu mpira. Linahusu hali yoyote ambayo matokeo yangu yanategemea uamuzi wako, na yako yanategemea uamuzi wangu. John Nash alionyesha mwaka 1950 kwamba michezo mingi ya aina hii ina mahali pa kutulia, pale ambapo kila mmoja anafanya linalomfaa akizingatia wanachofanya wengine, na hakuna anayefaidika akibadilika peke yake. Shida ni kwamba mahali hapo panaweza kuwa pabaya kwa wote. Dere mmoja akiamua kesho kuendesha kistaarabu, abiria wake watabebwa na gari la nyuma. Mwenye gari mmoja akipunguza tageti, hana njia ya kujua kama dere amerudisha wema huo ama ameuweka mfukoni. Kila mmoja anamngoja mwenzake aanze, na barabara inabaki vile vile.

Usidhani mambo haya ni ya stegi tu. Nimewahi kupokea simu za wateja katika kampuni moja hapa Nairobi. Kipimo kikubwa kilikuwa muda: simu ikirefuka, jina lako linakuwa jekundu kwenye skrini ya supavaiza. Sasa, mama mzee anayepiga kutoka mashambani akitaka kujua pesa zake zimeenda wapi hawezi kumalizana nawe kwa dakika tatu. Aliyemsikiliza mpaka mwisho alionekana mzembe. Aliyemwambia "tutakupigia" akakata alionekana hodari, na kesho yake mama akipiga tena, hiyo ilihesabiwa simu mpya, fupi, ya pili. Tatizo moja, alama mbili.

Kulikuwa na jambo lingine. Ukivuka tageti mwezi huu, mwezi ujao inapandishwa. Kwa hivyo wazoefu walijua kusimama karibu na mstari bila kuuruka kwa mbali. Wachumi waliliona jambo hili hili kwenye viwanda vya Umoja wa Kisovieti: meneja aliyepita mpango wa mwaka alipewa mpango mzito zaidi mwaka uliofuata, basi akajifunza kuficha uwezo wa kiwanda chake. Pale ofisini hakuna aliyekuwa amesoma habari za Wasovieti. Mchezo wenyewe ndio uliowafundisha.

Mwaka 1975 mchumi Mwingereza Charles Goodhart alitoa wazo ambalo leo tunaweza kulisema kwa urahisi: kipimo kikigeuzwa kuwa fimbo, kinaacha kupima. Mwaka 1991 Bengt Holmström na Paul Milgrom wakaeleza sababu moja. Kazi nyingi zina sehemu zinazohesabika na zisizohesabika. Ukilipa kwa zile zinazohesabika, mtu anahamishia nguvu zake huko. Heshima kwa yule mama mzee haikuwa na safu yake kwenye jedwali. Uhai wa mtu anayevuka barabara hauna safu kwenye hesabu ya jioni.

Basi tupime kila kitu, si ndio? Jambo hilo limejaribiwa hapa hapa mjini. Watafiti Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer walifunga vifaa vya kufuatilia kwenye matatu 255 za Nairobi, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2024 katika jarida la American Economic Review. Baadhi ya wenye magari walipewa programu ya simu iliyowaonyesha gari liko wapi na linaendeshwa vipi, wengine hawakupewa. Waliopewa walifaidika. Madereva wao walijituma zaidi, wakapunguza uendeshaji unaoharibu gari, na wakapunguza kuficha mapato. Lakini kuna jambo linalonifikirisha kuliko yote hayo: usalama barabarani haukuharibika, na pia haukuboreka, ingawa wenye magari walikuwa na taarifa za kina kuhusu uendeshaji hatari.

Taarifa walikuwa nazo. Waliitumia pale ilipowauma wao, kwenye springi na kwenye mapato. Kipimo ni kama tochi: kinamulika anakotaka kuangalia yule aliyekishika. Mtu wa tatu, yule ambaye hakuajiri na hakuajiriwa ila anaweza kugongwa, alibaki gizani.

Wengine watasema dawa ni kufuta tageti na kulipa mshahara. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda na ule mstari wa manjano. Zilitaka pia madereva na makonda waajiriwe kwa mshahara wa mwezi. Mikanda ilifungwa, mistari ikapakwa, tageti ikabaki. Haikubaki kwa sababu watu wetu ni wakaidi tu. Mshahara mtupu unaliacha swali la mwenye gari bila jibu: nitajuaje kama ulifanya kazi ama ulilala stegi? Amri ikipingana na mchezo, mara nyingi mchezo unashinda.

Ila kuna jaribio lingine la Kenya ambalo linanipa moyo. James Habyarimana na William Jack waliweka stika ndani ya matatu za safari ndefu, zikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha vibaya. Madereva waliozitunza stika waliingia kwenye bahati nasibu ya zawadi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: madai ya bima kwa magari hayo yalishuka kwa nusu ama zaidi. Baadaye kazi hiyo ikakua ikawa kampeni ya Zusha. Ni karatasi tu na gundi. Kilichobadilika ni kwamba anayeweza kuumia alipewa nafasi kwenye mchezo. Abiria mmoja akinyamaza, wote wananyamaza. Mmoja akianza, wengine wanaona kumbe inawezekana.

Turudi kwenye swali letu. Dere anayepanda njia ya wapita kwa miguu ana kosa, na aliyeumizwa hawezi kuambiwa eti alaumu mfumo. Mkono uliogeuza usukani una mwenyewe. Lakini aliyeweka namba hawezi kunawa mikono. Kuweka tageti ni kitendo. Ni kuamua nani atabeba mvua, nani atabeba jam, na ukweli utamgharimu mtu kiasi gani. Ukimwekea mtu namba ambayo akisema ukweli watoto wake wanalala njaa, umenunua uongo wake mapema, hata kama hujui utakuja siku gani.

Linganisha na chama cha akina mama kwenye ploti yoyote hapa Soweto East. Nacho kina namba: kila wiki kiasi fulani, kila mtu. Lakini namba waliiweka pamoja, daftari linasomwa mbele ya wote, na anayedai leo ndiye atakayedaiwa wiki ijayo. Aliyeiweka namba anaibeba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwenye chama wote wanalala kitanda kimoja.

Mwanafalsafa Mmarekani John Rawls alipendekeza mwaka 1971 kwamba kanuni za haki ni zile ambazo tungezikubali kabla ya kujua sisi wenyewe tutakuwa nani. Ipeleke hoja hiyo stegi. Andika tageti bila kujua kama kesho utaamka mwenye gari, dere, ama mama mboga anayevuka Mbagathi Way na mtoto mgongoni. Nadhani ungeandika namba inayoshuka siku ya mvua. Usingempandishia mtu kwa sababu tu ameonyesha bidii. Na ungempa yule mama njia ya kusema, akasikika.

Wengi tunaosoma haya tunalalamikia namba za wengine. Baada ya miaka michache, baadhi yetu tutakuwa masupavaiza, tutakuwa na gari moja barabarani, ama duka lenye kijana mmoja wa kuuza. Hapo kalamu itakuwa mkononi mwetu, na kabla ya kuuliza kijana huyo ameleta ngapi, itabidi tujiulize tumemwachia nafasi gani ya kutuambia ukweli.