Mandhari na Bei Yake

Katika mwaka 1891 mchoraji Mfaransa Claude Monet alikuwa akichora safu ya mipopla, miti mirefu myembamba, iliyosimama ukingoni mwa mto Epte, karibu na kijiji cha Giverny alikokaa. Miti ile ilikuwa mali ya kijiji jirani cha Limetz, nayo ikatolewa mnadani hali picha hazijakamilika. Monet alimwendea mfanya biashara wa mbao, akagawana naye gharama ya kuinunua kwa sharti kwamba iachwe imesimama mpaka kazi ya brashi iishe. Baada ya hapo mwenye mbao alikuwa huru kukata. Katika picha zile hatuoni mpanzi, mnunuzi wala shoka. Tunaona miti, maji na mwanga, tukadhani uzuri ule ulijizaa wenyewe. Mchoraji alijua kuwa ulikuwa na wenyewe, na kwamba atakaye kitu kisiguswe kwa ajili ya macho yake ana deni kwa yule anayezuiwa kukigusa.

Deni hilo lastahili kukumbukwa na apandaye kutoka Karatu kwenda Ngorongoro. Mashamba ya Wairaqw, mahindi, ngano na mbaazi katika udongo mwekundu, hufika penye msitu yakakoma ghafula. Kupita msitu gari husimama juu ya ukingo, na mgeni hutazama chini kreta yenye upana wa kilomita zipatazo 19: nyasi, ziwa, makundi ya nyumbu, wala hapana nyumba. Aghalabu husema kuwa hivi ndivyo dunia ilivyokuwa mwanzo. Sivyo. Ng'ombe wa Wamaasai walilisha humo, na moto wa wachungaji ulifanya upya malisho. Sheria ya 1959 iliwaruhusu kukaa pamoja na wanyama. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Moto ukazuiwa, nyasi zikarefuka, kupe wakazidi. Nyati na faru walipokufa kwa ukame na maradhi katika 2000 na 2001, wahifadhi wenyewe walirudia kuchoma nyasi.

Haifuati kwamba kila katazo ni dhuluma. Msitu ule huhifadhi maji ya Karatu, na faru hana ngao mbele ya bunduki. Lakini mkulima akeshaye akifukuza tembo shambani hulipia mandhari ambayo yamkini hajapata kuitazama kutoka ukingoni. Mwaka 2022 kaya za Wamaasai zilianza kuhamia Msomera, wilayani Handeni, zikapewa nyumba na mashamba. Serikali ilisema ni kwa hiari. Wakazi wengi wa Ngorongoro walilalamika kuwa hawakuridhia. Malipo, basi, yalikuwako, na ubishi haukwisha. Limetz ilikuwa huru kuuza miti yake au kutoiuza, na Monet, pamoja na haja yake yote, alilipa.