Cherehani Moja, Januari

Kabla niache kampasi sababu ya karo, nilifunzwa kitu ambacho hakijawahi kunitoka. Mwaka 1973, Liu na Layland walithibitisha kwamba prosesa moja, ikishughulikia kila mara kazi ambayo muda wake unaisha mapema zaidi, itamaliza zote kwa wakati, mradi mzigo usizidi asilimia 100.

Mathe hufanya hivyo bila hesabu. Ana cherehani moja hapa Majengo, Pumwani, na kila Januari anashona yunifomu. Anayeripoti shule kesho ndiye wa kwanza. Ukija na haraka kuliko mwenzako, sketi yake inatolewa kwa sindano, yako inaingia. Poa kabisa.

Shida ni mzigo ukizidi. Mashine inakimbilia kazi ambayo tayari imechelewa, hiyo inachelewesha inayofuata, mwishowe zote zinaanguka. Januari iliyopita karibu wateja wote walipata nguo shule zishafunguliwa. Na hakuna aliyeonewa, foleni ilifuatwa.

Mainjinia wana dawa: kazi isiyotoshea ikataliwe mlangoni, kabla ya ahadi. Nikamwambia Mathe. Akaniuliza, "Sasa nimkatae nani? Jirani ama shangazi yako?"

Ni kweli, kazi iliyokataliwa haikutani na prosesa mferejini asubuhi. Lakini pia si prosesa inayorudishwa kutoka geti la shule kwa kukosa sweta. Mimi naona ile "sawa" yake ilikuwa uongo, hata kama ya upendo. Yeye anasema sijawahi kuombwa na mama aliyebeba kitambaa mkononi.

Jana ameandika oda zingine tatu.