Fedha ya Kupima

Mtu akikuambia amefumua injini ya gari lake, muulize kama hedi ilipimwa. Atakutajia ringi, beringi, gasketi, labda na pampu ya oili. Kuhusu hedi atakwambia ilitolewa, ikaoshwa, ikarudishwa. Hapo ndipo penye ugomvi wangu, na ugomvi wenyewe ni na sisi wenye magari zaidi kuliko mafundi.

Chukua injini ya 3S, iliyomo kwenye Noah nyingi za zamani zinazoshusha watu na maharage kutoka vijiji vya milima ya Ukaguru hadi hapa Gairo mjini. Bloku yake ni chuma, hedi ni aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Gari likichemsha kwenye mwinuko wa kutoka Dumila, hedi inataka kutanuka, bolti zinaikatalia, na ikipoa huenda isirudi ilivyokuwa. Halafu kuna maji yetu. Visima vya hapa vina chumvi, kila mwenyeji anajua, na dereva aliyekwama hujazia rejeta maji yaliyo karibu. Chumvi huganda kwenye njia za maji na kuila aluminiamu polepole, hasa kando ya matundu yanayokutana na gasketi.

Kwa hiyo hedi inaweza kung'aa na ikawa mbovu. Nyingine ni nyeusi tii kwa masizi, na ni nzima kabisa.

Nilikaa kwenye benchi la gereji moja hapa mjini fundi akishughulikia Noah ya mama mmoja mfanyabiashara. Gari lilikuwa linakula oili, moshi wa bluu mlimani, moshi wa bluu asubuhi likiwashwa. Ringi alishazikubali. La hedi lilimkera.

“Fundi, si ulisema ringi? Hedi imeingiaje?”

“Mama, moshi wa mlimani ni ringi, sikatai. Lakini huo wa asubuhi unatoka juu. Nikifunga ringi mpya bila kuangalia hedi, oili utaendelea kuongeza, na utasema nimekula hela yako.”

Alikwangua masizi kwa kipande cha mbao, maana bisibisi ingeichubua aluminiamu. Akailaza hedi chali, plagi zikiwa mahali pake, akamimina mafuta ya taa kwenye kila chemba, akaenda kunywa chai. Aliporudi, chemba tatu zilikuwa zimejaa vilevile. Moja ilikuwa imeshuka, na kwenye tundu lake la ekzosti palikuwa na unyevu. Akamwaga, akafuta, akalaza rula ya chuma kwa urefu, kwa upana, kisha kona kwa kona, huku akijaribu kupenyeza chini yake fila, kile kibati cha kupimia nafasi, ya unene wa milimita 0.05. Hicho ndicho kikomo cha kupinda kwa hedi ile upande wa bloku. Fila haikupenya popote.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi hulipuuza. Alitoa valvu zote, akafunga kamshafti peke yake na kuizungusha kwa vidole, halafu ya pili. Kwenye injini hii kamshafti huzunguka ndani ya aluminiamu ya hedi yenyewe, haina beringi. Hedi ikipinda chini, mara nyingi na juu hupinda. Ukiipeleka Morogoro ikachongwa upande wa gasketi, chini patanyooka, juu patabaki vilevile, na kamshafti itasagika hadi ikatike.

Zote mbili zilizunguka bila kukwama, na uamuzi ukawa mwepesi. Hakuna kuchonga. Valvu mbili za ekzosti zilizovuja zisagwe kwenye viti vyake kwa mkono, sili zote za valvu zibadilishwe kwa sababu mpira ukishakauka haulainiki tena, na gasketi iwe mpya.

Mama akamtazama. “Kwa hiyo hedi haina kitu? Sasa muda wote huo ulikuwa unafanya nini?”

Ni kama mgonjwa aliyeambiwa hana malaria akaondoka amenuna kwa sababu hakupewa dawa. Spea tunailipia kwa sababu tunaishika. Maarifa ya kusema “hii iache” tunayataka bure, na fundi naye ana watoto. Anajua akisema hedi ni nzima hapati kitu, lakini akisema ikachongwe kuna nauli, kuna ya mchongaji, na cha juu hakikosekani. Tena kila inapochongwa hedi inapungua unene, mgandamizo unapanda, na ina kikomo chake. Ukikipita umebaki na chuma chakavu.

Wazee waliofanya kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakuwa na nafasi ya kuchezea hedi. Baada ya vita vya Kagera na mafuta kupanda bei, fedha za kigeni ziliadimika, magari yakakaa juu ya mawe yakisubiri spea. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, kamba ikaanza kulegea, na leo unapata Dar es Salaam injini nzima ya mtumba kutoka Japani. “Nunua injini, achana na hedi,” ndio ushauri wa kijiweni. Bloku ikipasuka, sawa. Lakini injini hiyo nayo ina hedi, na hujui huko ilikotoka ilichemsha mara ngapi.

Sisemi kuchonga ni dhambi. Fila ikipenya na kamshafti zikazunguka vizuri, chonga. Ufa ukitokea kati ya viti vya valvu, tafuta hedi nyingine. Wenye malori wana nafuu kidogo: Scania nyingi zina hedi moja kwa kila silinda, ikiharibika moja nyingine huzigusi.

Siku ya kulipa, mama alihesabu fedha ya ringi, ya gasketi na ya sili bila neno. Alipofika kwenye ya kupima akasimama.

“Na hii ni ya nini, fundi?”

Walivutana kidogo, wakapatana nusu.