Nafsi na Umimi katika Falsafa ya Kihindu

Kwa vizazi vingi Waswahili wa pwani wamekaa mtaa mmoja na Wahindu. Wamefanya nao biashara, wamekopa madukani mwao, wamesikia kengele za mahekalu yao huko Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na wamewaona wakichoma maiti zao pale ambapo wengine huzika. Ujirani huo umeacha alama hata katika methali zetu, kwani twasema: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hiyo, pamoja na ukali wake, yatuonyesha jambo moja: jirani huyu tulimjua kwa duka lake na kwa kiatu chake, lakini ni mara chache tulipouliza anafikiri nini juu ya binadamu na maisha yake. Mwalimu Nyerere, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni mwaka 1962, alisisitiza kwamba tufufue mila zetu zilizo njema. Lakini alionya pia kwamba taifa lisilotaka kujifunza lolote kutoka kwa utamaduni wa wengine ni taifa la wapumbavu. Kwa moyo huo tumeona vema tulichunguze swali moja ambalo wanafalsafa wa Bara Hindi wamelifikiri kwa zaidi ya miaka elfu mbili, nalo ni hili: mtu asemapo “mimi”, ni nani asemaye?

Yafaa tuseme mapema kwamba dini ya Kihindu si fundisho moja. Ndani yake mna madhehebu mengi, na Wahindu wengi, pamoja na wengi wa majirani zetu wenye asili ya Gujarat na Kachi, hushika zaidi njia ya kumpenda na kumwabudu Mungu kuliko njia ya falsafa. Sisi tutashughulika na tawi moja tu la falsafa yao, liitwalo Adwaita, yaani “pasipo uwili”. Tawi hili hufundisha kwamba nafsi ya kweli ya mtu, waiitayo atma, si kitu mbali na asili ya vitu vyote, waiitayo Brahmani. Hufundisha tena kwamba ule umimi tunaojivunia kila siku sio nafsi hiyo. Kama fundisho hilo ni la kweli, au hata kama lina sehemu tu ya ukweli, basi linagusa mwenendo wetu wote: kiburi chetu, hofu yetu, na jinsi tunavyomtendea yule tunayemwita mwingine.

Baba na mwana

Msingi wa mafundisho haya umo katika Upanishadi, maandiko ya kale yaliyo sehemu ya mwisho ya Veda. Upanishadi ya Chandogya, mojawapo ya zile za zamani kabisa, inasimulia habari za Uddalaka na mwanawe Shvetaketu. Kijana huyo alikwenda kusoma akiwa na umri wa miaka 12, akarudi nyumbani akiwa na miaka 24, amejaa elimu na majivuno. Baba yake akatambua kwamba mwanawe amejifunza mengi, ila lile moja ambalo likijulikana mengine hujulikana hakulijua. Alimwambia alete tunda la mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, alipasue, kisha apasue mojawapo ya mbegu zake ndogo. Kijana akasema haoni kitu ndani. Baba akamweleza kwamba mti mzima umetoka katika hicho asichokiona. Tena alimwambia atie chumvi majini na kuiacha usiku kucha. Asubuhi chumvi haikuonekana, lakini kila alipoonja, juu, katikati na chini, maji yalikuwa ya chumvi. Baba akamfundisha kwamba kiini cha ulimwengu kimeenea vivyo hivyo, na kwamba kiini hicho ndicho yeye Shvetaketu mwenyewe.

Tuangalie fundisho hilo linaangukia wapi. Kijana mwenye majivuno anaambiwa kwamba yeye ni mkubwa kuliko alivyodhani, lakini kwa namna isiyomwachia nafasi ya kujivuna. Kwani kiini hicho hicho ndicho alicho mchunga ng'ombe ambaye hakusoma hata siku moja, na ndicho ulicho mti wenyewe. Elimu yake ya miaka 12 haikumwongezea kitu hapo.

Umimi hutoka wapi

Aliyeyapanga mafundisho haya kuwa falsafa kamili ni Shankara, ambaye kwa mapokeo alizaliwa Kaladi, katika nchi ya Kerala, na ambaye wataalamu wengi humweka katika karne ya 8 baada ya Kristo. Shankara alianza kwa kueleza kosa. Mtu apitaye njiani wakati wa magharibi huona kamba, akadhani ni nyoka, akaruka kwa hofu. Nyoka hayupo, lakini hofu ipo, na moyo humdunda kwelikweli. Taa ikiletwa, nyoka hauawi wala hafukuzwi. Huonekana tu kwamba hakuwapo. Kosa hilo la kuweka kitu juu ya kingine huitwa adhiasa, na Shankara alisema kwamba maisha yetu yote ya kawaida yamejengwa juu yake. Tunachukua sifa za mwili, za akili na za mali, tukaziweka juu ya nafsi. Kisha tunachukua uhai na nuru ya nafsi, tukavidhania kuwa ni vya mwili na akili.

Chombo kinachofanya kazi hiyo ya kuchanganya huitwa ahankara. Neno hilo limeundwa kwa maneno mawili: “mimi” na “kufanya”. Kwa hiyo umimi, kwa maoni yao, ni kazi inayofanywa na akili dakika baada ya dakika. Wao hutoa mfano wa jiwe angavu lililowekwa karibu na ua jekundu. Jiwe huonekana jekundu, wala haliwi jekundu. Ua likiondolewa, jiwe halihitaji kusafishwa.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili aone jinsi umimi unavyojitandaza. Mtu akifa, jirani yake aliye hai husema: “Nimefiwa.” Nyumba ikiteketea, mwenye nyumba husema: “Nimeunguliwa.” Mvua ikinyesha juu ya wote, kila mmoja husema: “Nimenyeshewa.” Lugha yetu inajua kwamba “mimi” haukomi kwenye ngozi, hufika kwa mke, kwa mtoto, kwa paa la nyumba na kwa ng'ombe zizini. Shankara naye aliona hivyo hivyo, aliposema kwamba mtu hujiona mzima au mpungufu kwa kadiri mkewe na watoto wake walivyo wazima au wapungufu. Lakini yeye aliuliza swali la pili: kama “mimi” yaweza kupanuka mpaka kwenye paa na kusinyaa mpaka kwenye jino linalouma, je, kitu kinachobadilika namna hiyo kitakuwaje ndicho nafsi?

Hoja yao kubwa hutokana na usingizi. Upanishadi ya Mandukya, iliyo fupi mno, hugawa maisha katika hali ya kukesha, hali ya kuota, na hali ya usingizi mzito usio na ndoto. Mtu akiwa macho ni mwenyekiti wa kijiji au ni mchukuzi bandarini. Akiota, mchukuzi aweza kuwa sultani na mwenyekiti aweza kukimbizwa na mbwa. Akizama katika usingizi mzito, hapana mwenyekiti, hapana mchukuzi, hapana deni wala cheo. Umimi umezimika. Hata hivyo, akiamka husema: “Nimelala vizuri, sikujua kitu.” Basi Waadwaita husema kwamba palikuwapo shahidi wa hali zote tatu, asiyelala wala asiyeota. Shahidi huyo ndiye nafsi. Hana jina, kwa sababu kila jina ni la kitu kinachoshuhudiwa.

Katika zama za karibu, Ramana Maharshi, aliyezaliwa mwaka 1879 na kufariki mwaka 1950, aliyafanya haya kuwa zoezi la kila siku. Yeye hakuwaagiza watu waupige vita umimi wao. Alijua kwamba umimi hupenda vita, na ukishinda hujivunia ushindi. Alisema tu kwamba wazo lolote likizuka, mtu aulize limemzukia nani. Akijibu “mimi”, aulize tena huyo mimi ni nani. Mwizi akiulizwa jina kila mara, mwishowe hujiondokea.

Pingamizi la Ramanuja

Mafundisho haya hayakukubaliwa na Wahindu wote. Ramanuja, mwanafalsafa wa kusini mwa Bara Hindi aliyeishi katika karne ya 11 na ya 12, aliyapinga kwa nguvu. Yeye aliona kwamba “mimi” ndiyo nafsi yenyewe, wala si kosa la akili. Kama mtu angeambiwa kwamba siku ya kuokoka kwake yeye mwenyewe hatakuwapo tena, angeugeuzia wokovu huo kisogo mara moja. Nani atataabikia uhuru ambao hatakuwapo kuufurahia? Tena mapenzi huhitaji wawili, ampendaye na apendwaye. Palipo na mmoja tu, hapana wa kumwabudu wala wa kuabudiwa.

Kwetu sisi pingamizi hili lina uzito. Mtu asiye na “mimi” hata kidogo hawezi kuahidi, hawezi kutubu, wala hawezi kulipa deni. Waadwaita hujibu kwa kutenga ngazi mbili za ukweli: ngazi ya maisha ya kila siku, ambamo mtu, wajibu na deni ni vya kweli, na ngazi ya juu kabisa, ambamo umoja tu ndio ukweli. Jibu hili ni la werevu. Lakini ngazi hizo mbili ndizo zinazotufikisha kwenye hatari iliyo kubwa kuliko ile ya Ramanuja.

Swali la haki

Kama nafsi iliyo ndani ya kuhani na nafsi iliyo ndani ya mfagia barabara ni moja, tungetegemea kwamba wenye kufundisha hivyo wangekuwa wa kwanza kuvunja matabaka. Historia yasema vingine. Shankara mwenyewe, katika ufafanuzi wake wa Brahma Sutra, aliwanyima Washudra haki ya kujifunza Veda, ingawa aliwaachia mlango wa maarifa kupitia hadithi za kale. Umoja uliwekwa katika ngazi ya juu, na ubaguzi ukaachwa uendelee katika ngazi ya chini. Pengine watu walihisi kasoro hiyo, kwani masimulizi ya baadaye yasema kwamba siku moja katika mji wa Kashi, Shankara alimwamuru mtu wa tabaka la chini kabisa ampishe njia, na mtu yule akamwuliza kinachotakiwa kupisha ni kipi: mwili, ambao wote wawili wameujenga kwa chakula, au nafsi, ambayo ni moja? Shankara, yasema hadithi, alimsujudia.

B. R. Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika tabaka la walioitwa wasioguswa, alilishika swali hilo bila hadithi. Alikiri kwamba Upanishadi zina misingi ambayo usawa ungeweza kujengwa juu yake. Alichouliza ni kwa nini waliozihifadhi hawakujenga. Aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India, ambayo tangu mwaka 1950 inakataza desturi ya kumfanya mtu kuwa asiyeguswa. Na mwaka 1956, mjini Nagpur, aliihama dini ya Kihindu akaingia katika dini ya Budha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi.

Lakini palikuwapo na mwingine aliyebaki ndani na kujibu kwa vitendo. Narayana Guru alikuwa Mwadwaita wa Kerala, wa jamii ya Waezhava, waliokuwa wakizuiwa kuingia mahekalu makubwa. Mwaka 1888, huko Aruvippuram, alichukua jiwe kutoka mtoni akalisimamisha kuwa sanamu ya Shiva, kazi iliyokuwa haki ya Mabramini peke yao. Mwaka 1913 alianzisha makao ya Adwaita huko Aluva. Na mwaka 1927, katika hekalu la Kalavankodam, mahali pa kuwekwa sanamu ya mungu aliweka kioo. Aliyekuja kuabudu alijiona uso wake mwenyewe, na aliyemfuata vivyo hivyo, awe wa tabaka gani. Alifariki mwaka 1928; miaka minane baadaye, mfalme wa Travancore alitoa amri ya kuyafungua mahekalu ya serikali yake kwa Wahindu wote.

Hitimisho

Kutokana na hayo twaona kwamba fundisho moja laweza kutumika kwa njia mbili zinazopingana. Aliyeshiba akimwambia mwenye njaa, “Wewe si mwili huo,” amemtukana. Akijiambia mwenyewe maneno hayo hayo, amejiwekea wajibu, maana kama yeye si mwili wake, hana sababu ya kuushibisha mwili wake kwanza. Kwa hiyo, kwa maoni yetu, umimi wa kuchunguzwa ni wa mwenye kuchunguza. Anayeanza na umimi wa jirani yake hajaanza, na aghlabu ana kitu anachokilinda.

Tusifanye haraka kusema kwamba haya ndiyo yale yale ya kwetu. Sisi husema mtu ni watu, na katika usemi huo mwingine hubaki kuwa mwingine. Ni kwa kuhitajiana naye ndipo mtu hupata utu. Adwaita yasema kwamba mwishoni hapana mwingine. Hizo ni njia mbili tofauti, nazo hukutana mahali pamoja tu, katika kuukataa ubinafsi. Hata neno hilo lastahili kufikiriwa. Tuliliunda kutokana na neno nafsi, kana kwamba uovu huo watoka katika nafsi yenyewe. Mwalimu wa Adwaita angetuambia kwamba tumemsingizia asiye na hatia, na kwamba mwenye kosa ni umimi uliovaa nguo za nafsi. Tukubaliane naye au tusikubaliane, hatuna budi kulipokea swali lake. Kiongozi aketipo kitini, tajiri ahesabupo fedha zake, na msomi ajivuniapo vitabu vyake, kila mmoja na ajiulize usiku kabla ya kulala: cheo hiki, fedha hizi na elimu hii, usingizi utakapovichukua vyote kwa saa chache, ni nani atakayebaki? Na huyo atakayebaki, ana tofauti gani na yule aliyelala nje ya mlango wake?