Ukaribu na Uaminifu

Wazee walisema kuwa jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Wazee hao hao walisema kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Je, msomaji, aliye karibu nasi yafaa aaminiwe kwa kuwa yu karibu? Swali hili si la watu peke yao. Limewashughulisha hata mafundi wa vyombo visivyo na roho.

Tazama simu mbili, yako na ya mwenzako, zitakazo kusemezana kwa siri pasipo waya. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitangaza njia ya hesabu ambayo kwayo wawili waweza kupata ufunguo mmoja wa siri, hali kila neno lao lasikiwa na wapita njia. Njia hiyo ni ya ajabu, lakini peke yake haijibu swali moja: huyu nisemaye naye ndiye niliyemkusudia? Mawimbi ya redio hupenya kuta. Mdanganyifu aliye nje aweza kujitia katikati, akajifanya wewe kwa mwenzako, na mwenzako kwako.

Basi mafundi wakatafuta shahidi katika mazingira. Vyombo vilivyo chumbani pamoja husikia mlango ule ule ukibamizwa na kikohozi kile kile. Kila kimoja hupima kilichosikia, kisha vipimo hulinganishwa kwa siri; vikipatana, vyombo hukubaliana. Mwaka 2007 Rene Mayrhofer na Hans Gellersen walieleza njia ya kushika vyombo viwili mkononi na kuvitikisa pamoja. Aliye mbali aweza kuuona mkono ukitikisika, lakini ni vigumu mno kwake kuuiga mtikiso ule sawasawa.

Hata hivyo, shahidi huyu ana upungufu. Chumba kikiwa kimya, hana la kusema. Redio ikisoma habari, nyumba nyingi husikia sauti moja kwa wakati mmoja, na ushahidi wake huwa hafifu. Tena, mwizi aliyeketi chumbani humo husikia yote usikiayo wewe. Mazingira yaweza kuthibitisha kuwa mtu yupo. Hayawezi kuthibitisha kuwa ni mwema.

Hapo ndipo lilipo jibu letu. Ukaribu ni mwanzo wa kuaminiana, wala si mwisho wake. Kuketi dawati moja si urafiki; urafiki hupimwa kwa mitikiso ambayo wawili wameivumilia pamoja, na ambayo mgeni hawezi kuiigiza. Kwa hiyo, simu yako ikuonyeshapo tarakimu sita na kukuuliza kama zapatana na za mwenzako, usiharakishe kukubali. Inua macho, zisome zote, ndipo ujibu. Chombo kimefanya sehemu yake. Hukumu imeachwa kwako.