Pishi Mbili

Zamani, nafaka ilipokuwa ikipimwa kwa pishi, mchuuzi aliyeweka pishi kubwa ya kununulia na ndogo ya kuuzia hakuitwa mwerevu, aliitwa mwizi. Watu wa namna hiyo ndio walioonywa mwanzoni mwa Suratul Mutaffifin. Lakini si nafaka peke yake ipimwayo. Maneno nayo yana pishi yake.

Tarehe 30 Septemba 2005, gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilichapa michoro 12, na katika hiyo imo iliyomdhihaki Mtume wetu (S.A.W.). Waislamu walipoghadhibika waliambiwa kuwa huo ni uhuru wa kusema, na aishiye katika nchi huru hana budi kustahamili. Kisha ikadhihirika kwamba mwaka 2003 gazeti lilo hilo lilipelekewa michoro ya kumfanyia mzaha Nabii Isa, likaikataa kwa kuchelea makelele ya wasomaji. Na Februari 2006, ghadhabu zingali moto, mahakama ya Vienna ilimfunga David Irving, mwandishi wa Kiingereza, miaka 3 kwa kukanusha mauaji ya Mayahudi. Mauaji yale yalikuwa kweli, na mwenye kuyakanusha ni mwongo. Tusemalo ni hili: kumbe uhuru huo una mipaka, na waliouweka ndio wachaguao ni moyo wa nani usiumizwe.

Basi malalamiko yetu ni ya haki. Lakini, ndugu zangu, mwenye kulalamikia pishi ya mwenziwe hutazamwa yake kwanza.

Ni mara ngapi katika mihadhara ya viwanjani tumemsikia msemaji akiufanyia kejeli msalaba na ibada ya majirani zetu, na watu wakacheka na kuleta takbiri? Jirani akinung'unika, twamjibu kuwa twasema kweli. Kujadiliana kwa hoja ni jambo jema, na Qur'ani imetuamuru tujadiliane kwa njia iliyo bora. Kejeli si hoja. Katika Suratul An'am Mwenyezi Mungu ametukataza hata kuyatukana masanamu, wasije wenyewe wakamtukana Yeye kwa ujinga. Ikiwa sanamu lisilosikia halitukanwi, sembuse jirani asikiaye?

Na liko lililo ovu zaidi. Tarehe 7 Januari 2015, watu wawili waliodai kumlipia Mtume kisasi waliwaua watu 12 mjini Paris, katika ofisi za gazeti la Charlie Hebdo na karibu yake. Mmoja wa waliouawa alikuwa askari Mwislamu. Mtume mwenyewe alitukanwa Makka, akapigwa mawe Taif; na alipoingia Makka mwaka wa 8 wa Hijra, naye ana nguvu, aliwasamehe. Wale wawili walimfuata nani?

Mwaka 2023 Bunge la Denmark lilipitisha sheria ya kukataza kuvidhalilisha hadharani vitabu vitakatifu vya dini zinazotambuliwa, si Qur'ani peke yake. Hiyo ni pishi moja kwa wote. Nasi tukitaka wenzetu watupimie kwa pishi hiyo, na tuivunje ile ndogo tuliyoificha nyumbani.

Wabillahi tawfiq.