Kinywa cha Mtoto Kikisema, Nani Anyamaze?



Hapa Likasi, mama wa Kikula ao wa Shituru anampeleka mtoto kwa mganga wa meno kwa sababu jino linamwuma. Mganga anatazama kinywani, anaona jambo ambalo mama hakulijia: utando mweupe usiokwisha juu ya ulimi, mstari mwekundu kwenye ufizi, vidonda vinavyorudi kila mara, ao uvimbe wa siku nyingi karibu na masikio. Alama hizi zaweza kuwa za sida. Basi tunauliza: anayeona, afanye nini na alichokiona?

Kwanza, alama si hukumu. Utando mweupe huwapata hata watoto wachanga wenye afya, na wale wenye utapiamlo. Alama inasema tu: mpimeni. Damu ndiyo inayojibu. Tena, kwa mtoto asiyefika miezi 18, kipimo cha kawaida chaweza kuonyesha kinga alizopata kwa mama yake. Inafaa kile kinachotafuta virusi vyenyewe.

Pili, wengine wanasema kunyamaza ni huruma, ili mama asivunjike moyo wala ndoa isivunjike. Hofu hiyo tunaifahamu. Lakini karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na virusi hivi hufa kabla ya miaka 2 wasipopata dawa. Wakizipata mapema, wanakua na kusoma kama wenzao. Huruma inayomficha mama njia ya kumwokoa mtoto wake si huruma. Kwa hiyo mganga aseme, lakini aseme na mama faraghani. Siri ni ya mgonjwa. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 ya nchi yetu inailinda.

Tatu, sisi waaminifu. Katika kanisa letu tunajua kwamba anayefunuliwa jambo la siri hakufunuliwa ili alitangaze sokoni, bali ili amsaidie mwenye mzigo. Wanafunzi walipotaka kujua nani alitenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, Yesu hakumtaja yeye wala wazazi wake (Yoane 9). Sisi ni nani hata tumtafute mwenye kosa? Mate na kikombe haviambukizi virusi hivi: mtoto huyo aketi na wenzake, ale nao, aimbe nao. Tumwombee, na dawa yake asiiache hata siku moja, kwa maana maombi hayagombani na dawa.

Wapendwa, kinywa cha mtoto kinapotuonyesha ugonjwa, kinaomba msaada. Anayeweza kusaidia asinyamaze. Anayetaka kusengenya tu, huyo ndiye anyamaze.

Bwana awalinde watoto wetu. Amina.